Kwa nini macho huweza kufifia kinga ya mwili inaporejea

MTU anayeishi na virusi vya Ukimwi anapoanza kumeza dawa za kupunguza makali (ARV), hutarajia afueni. Hata hivyo, wapo wachache ambao uzito wao huongezeka na nguvu huwarudia, ilhali macho yanaanza kufifia.

Kwa mkazi wa Kisii au Nyamira anayepatwa na hali hiyo, ni rahisi kuamini kuwa dawa ndizo zinazompofusha, akaamua kuziacha. Huo ndio uamuzi wa hatari zaidi.

Mara nyingi chanzo ni virusi vya CMV. Waafrika wengi huvipata wangali watoto na kuishi navyo bila kuugua, kwa kuwa seli za kinga, zikiwemo za CD4, huvidhibiti.

Mtu mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 katika kila tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo. Kwa mgonjwa wa Ukimwi, zinaposhuka chini ya 50, CMV huweza kuamka na kuiharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Kinachotatanisha ni kwamba jicho haliumi wala haliwi jekundu. Mgonjwa huona madoa meusi yakielea, mimuliko ya mwanga, au kama pazia limefunika upande mmoja. Uvimbe ni dalili ya vita, na katika mwili huo askari wa kupigana karibu wamekwisha.

ARV zinapowarejesha askari hao, vita huanza. Seli za kinga hukuta mabaki ya virusi ndani ya jicho na kuyashambulia. Jicho huvimba kwa ndani, na kitovu cha retina kikijaa maji, mgonjwa huona ukungu. Madaktari walianza kuieleza hali hii mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa mseto zilipoanza kuenea Marekani na Ulaya.

Daktari wa macho hutuliza uvimbe huo kwa dawa maalumu na, inapobidi, huikabili CMV kwa gansiklovia, huku mgonjwa akiendelea kumeza ARV. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa haifufuki, ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Ugonjwa mwingine ni mkanda wa jeshi, unaoletwa na virusi vya tetekuwanga vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, jicho limo hatarini. Dawa hufaa zaidi zikianza katika siku tatu za kwanza. Kijana anayeupata anashauriwa kupimwa virusi vya Ukimwi.

Aliyeanza ARV akiwa amedhoofika sana anafaa kuomba, katika kliniki anakochukulia dawa, iwe Ogembo, Keroka au Nyamira mjini, apewe rufaa ya kuchunguzwa retina hata kama bado anaona vyema.

Tangu 2016, mwongozo wa Kenya ni kumwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja CD4 zishuke. Anayepimwa mapema na kumeza dawa bila kukatiza huikinga kinga yake isiporomoke, na macho yake pia.