KAZI ZA AFYA KAMBINI: IPI INAKUFAA?



Nafasi za kazi ya motisha zinapotangazwa kwenye kituo cha afya, vijana wengi huandika jina pale wanapoona foleni ni fupi. Baada ya muda mmoja anaacha kwa sababu anaogopa damu, mwingine kwa sababu amechoka kutembea juani. Nafasi inapotea na wagonjwa wanakosa mtu wa kuwahudumia. Makala hii inaeleza kazi ambazo mtu anaweza kuanza nazo bila ada kubwa, ili kila mmoja achague akiwa anajua.

Motisha si mshahara

Hapa Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Kwa hiyo wengi wetu hufanya kazi kambini na kupewa posho ndogo inayoitwa motisha. Nafasi hizo zinategemea wafadhili. Mwaka 2025 misaada kwa wakimbizi ilipungua sehemu nyingi duniani. Usichague kazi kwa kuangalia posho ya mwezi huu peke yake. Jiulize ni ujuzi gani utabaki nao kambi ikifungwa au ukirudi nyumbani.

Kazi za kuanzia

1. Mhudumu wa afya ya jamii. Huyu hutembelea kaya. Anapima mikono ya watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe. Ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto ana utapiamlo mkali na anapelekwa kituoni haraka. Anawahimiza akina mama kwenda kliniki na anatoa taarifa ya magonjwa ya mlipuko. Anahitaji kusoma, kuandika na kuongea vizuri na watu. Mafunzo ni mafupi na hutolewa na shirika linalohusika. Inamfaa mtu mvumilivu anayependa kutembea.

2. Mhamasishaji wa usafi. Anafundisha kunawa mikono, kutunza vyoo na kuhifadhi maji. Wakati wa kipindupindu kazi yake huokoa watu wengi kabla hawajafika wodini. Baadhi ya watu huidharau kazi hii. Wanakosea.

3. Mhudumu wa wodi. Anasaidia wauguzi: kutandika vitanda, kuwaosha wagonjwa, kuwalisha, kubeba machela na kusafisha vifaa. Kuna zamu za usiku, damu, harufu na vifo. Ajue kuvaa glavu na kutupa sindano kwenye boksi lake. Akichomwa na sindano iliyotumika, atoe taarifa saa hiyo hiyo, kwa maana dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kabla ya kuanza, aulize kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B.

4. Msaidizi wa maabara. Anapokea sampuli, anaandika namba na kuandaa vioo vya darubini. Hapa panahitajika mtu mtulivu mwenye msingi wa biolojia na kemia. Ukibadilisha namba mbili tu, mgonjwa mmoja atapewa dawa ya mwingine.

5. Mkalimani. Anasimama kati ya tabibu na mgonjwa kwa Kiswahili, Kibembe, Kirundi au Kifaransa. Ajue lugha vizuri na ajue kunyamaza. Alichosikia chumbani hakiendi sokoni.

Kuhusu wakunga wa jadi: mama zetu hawa wanaheshimiwa, lakini kazi yao sasa ni kumsindikiza mjamzito hadi kituoni, si kumzalisha nyumbani.

Je, cheti cha kambi kinafika wapi?

Cheti cha mafunzo mafupi kinaonyesha kwamba umefanya kazi. Hakikufanyi kuwa muuguzi. Nchini Kongo muuguzi wa A2 anasoma ITM, na wa A1 anasoma ISTM baada ya kupata Diploma ya Serikali. Hapa Tanzania diploma ya uuguzi ni miaka 3, na muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa waliohamishiwa Marekani, muuguzi msaidizi wa nyumba za wazee anatakiwa kupata mafunzo yasiyopungua saa 75 na kufaulu mtihani. Aliyefanya kazi wodini kambini hataanza bila kujua kitu, lakini ataanza mwanzo.

Kwa hiyo, kijana aliye bado sekondari asiache shule kwa ajili ya motisha. Amalize kwanza. Diploma yake ndiyo itakayomfungulia ISTM, na pia ufadhili wa DAFI, ambao tangu mwaka 1992 umewasaidia wakimbizi kusoma elimu ya juu.

Jihadhari na wauza vyeti

Wapo watu wanaopita mitaani wakiahidi cheti cha uuguzi kwa wiki chache. Familia inauza mahindi ya mgao ili kulipa, watoto wanalala njaa, na cheti hakitambuliki popote. Kibaya zaidi, mwenye cheti hicho anaweza kuanza kudunga watu sindano nyumbani. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza: chuo kimesajiliwa wapi? Nani anatunga mtihani? Kisha peleka karatasi kwenye kituo cha afya waisome.

Maswali manne ya kujiuliza

- Je, naweza kuona damu na maumivu bila kukimbia?
- Je, naweza kutunza siri ya jirani yangu?
- Nani atabaki na watoto nikiwa zamu ya usiku?
- Baada ya miaka 3, ujuzi huu utanifaa wapi?

Mkae na familia myajibu kwa ukweli. Kisha nenda kituoni ukamwombe mtu anayefanya kazi hiyo akueleze siku yake ilivyo, tangu asubuhi hadi jioni. Afya ya kambi iko mikononi mwetu sote, na mgonjwa anastahili kuhudumiwa na mtu aliyeichagua kazi yake.