Dalek: Ngome Iliyogeuka Gereza

Neno ‘gereza’ lina historia yake katika Mji wa Kale wa Mombasa. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno ‘igreja’, yaani kanisa, kwa kuwa ndani ya Ngome ya Yesu Wareno walikuwa na kanisa. Kuanzia 1895 hadi 1958, Waingereza waliitumia ngome hiyo kuwa jela. Historia hii inatoa mwanga wa kuwachambua Dalek, wahusika waovu mashuhuri wa tamthilia za kisayansi za runinga.

Dalek wanatokea katika hadithi ya pili ya mfululizo wa Doctor Who, iliyoandikwa na Terry Nation na kurushwa na BBC kwa sehemu saba, kati ya 21 Desemba 1963 na 1 Februari 1964. Daktari, aliyeigizwa na William Hartnell, anatua Skaro pamoja na mjukuu wake na walimu wawili. Sayari hiyo imeteketezwa na vita, na jamii mbili tu zimesalia. Thal wanaishi nje na wameapa kutopigana tena. Dalek wamejifungia mjini, kila mmoja ndani ya gamba la chuma.

Umbo lao, lililosanifiwa na Raymond Cusick, halina uso wala miguu. Hata hivyo, uovu wao hautokani na umbo, bali na chuki dhidi ya yeyote asiyefanana nao. Ikumbukwe kuwa Nation aliwaumba akiwafikiria Wanazi. Thal wanapoalikwa mjini kupokea chakula, wanashambuliwa, na kiongozi wao anauawa.

Kinaya kikuu kimo katika kinga yao. Magamba hupata umeme kupitia sakafu ya chuma ya mji, hivyo Dalek hawawezi kutoka. Dawa ya mionzi inayowaokoa Thal inawadhuru wao, kwa sababu miili yao imekwisha kuihitaji mionzi hiyo. Umeme unapokatika, wanafia ndani ya kinga yao wenyewe.

Mombasa ilishuhudia jambo la namna hiyo. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zilizuia mizinga, lakini hazikuzuia maradhi, nayo yaliwamaliza wengi waliokuwamo. Tofauti nayo ipo. Ndani, Wareno walikuwa pamoja na Bwana Daudi wa Faza na watu wake. Nje, Waomani walikuwa na washirika wao wa Pwani. Historia, tofauti na runinga, haikumweka adui upande mmoja wa ukuta.

Aidha, hadithi yenyewe haiwapi Thal ushindi mwepesi. Mwalimu Ian anawachochea kwa kujifanya anampeleka msichana wao kwa Dalek, hadi mmoja wao anampiga ngumi. Hatimaye wanapigana, wanashinda, na wanazika wenzao. Je, aliyeshika silaha ili asiangamizwe atajuaje wakati wa kuiweka chini? Dalek nao waliwahi kuwa watu wa kawaida kabla ya vita. Gamba lao la kwanza lilikuwa hofu, na chuma kilifuata baadaye.