Maji yana njia yake: Funzo la kiwanja cha wakfu Jorodom

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kasi, vikapita Jorodom na Gendabi na kuingia katika mji wa Katesh. Kwa hesabu iliyotangazwa na Serikali siku zile, watu 89 walipoteza maisha. Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa wote, wa dini zote.

Wataalamu wa miamba walieleza kuwa hapakuwa na dalili za volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa, ikaporomoka. Lakini kilichoporomoka kilishuka kwa kufuata mabonde na makorongo, njia zile zile ambazo maji ya mlima huu yamezipita tangu zamani, na ambazo binadamu huzisahau zikikauka.

Tunayasema haya kwa kuwa nasi wa kamati ya msikiti tulikaribia kuzisahau.

Mzee wetu mmoja alitujia baada ya swala ya Ijumaa akasema ana kiwanja anachokusudia kukitoa wakfu kwa ajili ya madrasa. Furaha ilikuwa kubwa. Watoto wetu walikuwa wakisoma wamebanana barazani, na mvua ikinyesha hutawanyika. Kiwanja kilikuwa tambarare, karibu na njia, ila upande wake wa chini ulipakana na korongo. Tulikitazama korongo lile likiwa kavu, mbuzi wakipita ndani yake, hatukuona tatizo. Michango ikaanza. Akina mama walileta fedha za vikoba vyao, vijana wakafyatua matofali.

Tulipokwenda kuomba kibali cha ujenzi, maafisa walikuja kukikagua kiwanja. Walivuta futi kutoka ukingoni mwa korongo, wakatwambia hapa hapajengwi. Baadhi yetu tulikasirika. “Huu si mto, ni korongo kavu,” tulisema. Mmoja wa maafisa akauliza swali moja tu: “Mwaka ule wa maporomoko lilikuwa kavu?” Hapakuwa na wa kumjibu.

Ni vyema familia zetu zikajua sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo zinatambua kitu kinachoitwa ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha ya watu au kuharibu mazingira. Ndani yake imetajwa ardhi iliyo umbali usiozidi mita 60 kutoka ukingo wa mto, pamoja na miteremko mikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Kwa maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji, Sheria ya mwaka 2007 inamtaka kila anayeendeleza ardhi apate kwanza idhini ya mamlaka ya mipango.

Wapo waliosema kuwa hayo ni mambo ya serikali, na nyumba ya Mwenyezi Mungu haizuiwi kwa futi. Kwa kauli hiyo tuliona hatuna budi kurejea vitabu tulivyosomeshwa. Mafakihi wetu wana mlango mzima unaohusu harimu: eneo linalokizunguka kisima au kuambatana na mto, ambalo halimilikiwi na mtu wala halijengwi, kwa kuwa manufaa ya maji yale hayakamiliki bila ya eneo hilo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, wakizungumzia kingo za Nile huko Misri, walisema kuwa jengo lililojengwa katika harimu ya mto hubomolewa, ijapokuwa ni msikiti. Wakaongeza kuwa hata maji yakisogea mbali na mahali pale hukumu haiondoki, kwa sababu huenda yakarudi.

Tuliposoma hayo mbele ya kamati, kimya kilitanda. Yule afisa hakuwa amesoma fiqhi, wala wanazuoni wale hawakuijua Hanang. Lakini wote walikuwa wanasema jambo moja.

Likabaki zito zaidi, nalo ni kumweleza mzee. Tuliogopa kumvunja moyo. Tulimkuta amekaa mlangoni pake, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Wanangu, wakfu bado sijautamka. Nitautamka kwa lililo salama. Andikeni kiwe kiwanja cha miti. Matunda yawe ya madrasa, na kivuli kiwe cha kila apitaye.” Leo mikuyu michanga imeshika ukingo wa korongo, na juu yake kuna miche ya parachichi. Matofali tuliyahamisha kwa mikokoteni hadi kiwanja kingine, kidogo zaidi na cha mbali zaidi. Watoto wanatembea zaidi, lakini mvua ikinyesha usiku, wazazi wao wanalala.

Tunawausia basi wanaotaka kununua au kujenga. Usitoe fedha kwa kuonyeshwa mipaka ya miti na mawe tu. Nenda ofisi ya kijiji uulize mpango wa matumizi ya ardhi unasemaje kuhusu mahali hapo, na kama ugawaji wake uliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwani Halmashauri ya Kijiji pekee haina mamlaka ya kugawa bila idhini hiyo. Mjini, omba kuona ramani ya mipango. Kisha waulize wazee, hasa bibi zetu, maji yalipita wapi katika miaka ya mvua nyingi. Na anayeuza kiwanja akijua kiko katika njia ya maji, akanyamaza, ajue kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na fedha hiyo haina baraka.

Hatusemi kuwa lawama zote ni za wananchi. Wengi walijenga kabla ya kupimiwa, na hawana pa kuhamia. Baada ya maafa, Serikali na wadau walijenga zaidi ya nyumba 100 huko Waret kwa ajili ya waathirika, jambo la kushukuriwa. Lakini kumhamisha mtu kabla ya tope ni rahisi kuliko kumjengea baada ya kuzika. Tunaziomba halmashauri zipime mapema, zisogeze huduma ya vibali karibu na vijiji, na zisimsubirishe mwombaji hadi akate tamaa na kujenga kimyakimya.

Mlima Hanang ni neema yetu: maji yetu, mvua yetu na msitu wetu. Shukrani ya neema ni kuichunga, na sehemu ya kuichunga ni kuyaachia maji njia yake. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.