Mtoto Mtukutu na Mpira wa Maji

Kimoja katika vichekesho vya kwanza kabisa vya sinema kilitokana na utukutu wa mtoto. Tarehe 28 Desemba, 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha kumi fupi. Mojawapo, isiyofika hata dakika moja, ilimhusu mtunza bustani na mvulana mmoja.

Mtunza bustani anamwagilia miti. Mvulana ananyemelea nyuma yake, anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Yule bwana anashangaa, anauinua mdomo wa mpira na kuuchungulia. Hapo mtoto anaondoa mguu! Maji yanamrukia usoni, kofia inaanguka. Mtoto anatimua mbio, lakini anakamatwa, anavutwa kwa sikio mpaka mbele ya kamera, anachapwa makofi, kisha mwenye kazi anarudi kazini kwake.

Hakuna neno lililosikika, kwani picha za siku hizo zilikuwa bubu. Hata Unguja wazee wetu walianzia na picha bubu, katika jumba la Royal pale Vuga, lililofunguliwa na Hassanali Adamjee Jariwalla mwaka 1921 na baadaye likaitwa Majestic. Msemaji wa Kiswahili, wa Kigujarati na wa Kiarabu waliweza kucheka kwa pamoja bila mkalimani.

Sasa, msomaji, tutoke pwani ya bahari twende pwani ya ziwa. Ghuba ya Ferguson iko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Huko maji si jambo la mzaha: katika miaka ya 1980 ziwa liliposhuka, ghuba hiyo ilikauka. Ukipita Lodwar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini unafika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwamo maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu mwendo wa mbali, wengi wao bila baba wala mama.

Mwaka 2001 shirika la FilmAid lilianza kuonyesha sinema kambini humo, usiku, uwanjani, mbele ya watu wa lugha nyingi. Picha bubu ingefaa sana mahali kama hapo. Hata hivyo, kuna jambo ndani ya kichekesho kile ambalo si kila mtoto amelipata.

Mtoto huthubutu kuchokoza kwa sababu anajua yuko mtu mzima atakayemkimbiza, atamrudi, kisha yaishe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Je, mtoto aliyepotelewa na wazazi njiani, wa kumkunja ni nani? Yeye amelazimika kuwa mtu mzima kabla ya kubaleghe: ajitafutie chakula, achote maji, amlee mdogo wake. Hana nafasi ya utukutu.

Sisi tunaujua uzito wa neno yatima. Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, na mama yake naye akamwacha angali mdogo. Basi mtoto wa jirani akikurushia maji, mrudi, tena kwa upole. Halafu mshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mtoto huyo anapo nyumbani pa kukimbilia.