Mbiu Hulia Jikoni mwa Seli

Mwulize mwanafunzi yeyote mitokondria ni nini, atakujibu hata usingizini: "Ni jiko la nishati la seli." Jibu hilo litampa alama mtihanini, lakini ni nusu tu ya habari.

Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakiwa London, walichukua vipande vya utando wa yai la kuku wakavikutanisha na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Seli zikatoa kitu kilichozikinga seli nyingine. Wakakiita intaferoni. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo: ikilia, seli jirani hujua kuna jambo, nazo huanza kuunda protini za kuzuia virusi visizaane.

Je, nani huipiga? Virusi vya mafua vikiingia, RNA yao hunaswa na mlinzi aitwaye RIG-I. Mlinzi huyu hupeleka habari kwa protini nyingine, MAVS, na hii, jamani, hukaa juu ya ganda la mitokondria! Zhijian Chen na wenzake huko Dallas, Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 2005. Waliona kwamba MAVS ikitolewa hapo, kazi yake huharibika.

Kwa nini basi kengele ifungwe jikoni? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2019. Glukosi ikivunjwa kwa njia ya haraka, hubaki laktati, ile ile inayojaa misulini ukikimbia mita 400. Laktati hiyo huishika MAVS na kuituliza. Seli ikigundua virusi, hupunguza uvunjaji huo, laktati hushuka, mbiu ikalia. Panya waliopunguziwa laktati walitoa intaferoni zaidi na virusi vikapungua. (Lakini msije mkasema chai ya sukari ni sumu! Hao ni panya, na mgonjwa lazima ale.)

Virusi navyo si wajinga. Vile vya homa ya ini aina ya C vina mkasi, protini inayoikata MAVS na kuing'oa kwenye mitokondria. Jiko linaendelea kuwaka, mbiu kimya. Mkasi huo huo ndio virusi hutumia kukata protini zao wenyewe ili viongezeke, na dawa za kwanza za kuuzuia ziliidhinishwa Marekani mwaka 2011.