Jerikani la Lita 20: Hesabu ya Petroli Arua na Koboko

Lita 1 ya petroli ikikauka yote hutoa karibu lita 200 za mvuke. Mvuke huo huanza kuwa hatari ukifikia asilimia 1.4 ya hewa. Piga hesabu: lita 1 iliyomwagika ndani ya chumba kilichofungwa yatosha kufanya mita 14 za ujazo ziwe hewa ya kulipuka. Hicho ni chumba kizima cha mita 2.5 kwa 2.5. Jerikani lina lita 20. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la jirani.

Kwa miongo kadhaa petroli ya magendo kutoka Kongo imeuzwa kandokando ya barabara za Arua, Uganda, na wauzaji wake wakajulikana kama vijana wa OPEC, jina la muungano wa nchi zinazouza mafuta. Koboko nayo iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Kinachoendesha biashara hii ni kodi. Julai 2024 ushuru wa petroli Uganda ulipanda kutoka shilingi 1,450 hadi 1,550 kwa lita. Jerikani moja lililokwepa ushuru huo huokoa shilingi 31,000. Matano kwenye pikipiki ni 155,000, kabla ya kutoa gharama za njiani.

Sheria zipo. Ile ya ugavi wa petroli ya 2003 inadai leseni kwa biashara ya mafuta. Ile ya kemikali za sumu ya 2015 inatekeleza Mkataba wa Silaha za Kemikali, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2001. Hiyo ya pili inalenga silaha, lakini petroli haihitaji kuwa silaha ili iue. Huko huko Uganda, mtaani Namungoona, Juni 2013, moto wa lori la mafuta uliua watu zaidi ya 30; Kigogwa, Oktoba 2024, si chini ya 11. Kote kuwili watu walikuwa wakikinga mafuta yaliyomwagika.

Msako wa forodha hulinda mapato, lakini muuzaji aliyefukuzwa barabarani huficha majerikani chumbani wanamolala watoto. Muuzaji mdogo apewe leseni nafuu yenye masharti yanayopimika: kiwango cha juu cha lita, vyombo vya chuma vyenye vifuniko imara, umbali kutoka nyumba na majiko, mchanga wa kuzimia moto. Halmashauri za Arua na Koboko zikague masharti hayo kila mwezi, na atakayeweka petroli ndani ya nyumba ya kulala anyang'anywe leseni.