Mbwa Aliyeanguka Baada ya Sindano

Tuseme leo asubuhi mchanjaji wa nyama amefika Gety na kasha lake la barafu. Watoto wamekuja na mbwa wao, wengine wamewafunga kwa kamba ya mgomba, wengine wamewabeba kifuani. Mbwa wako amechomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Amelia kidogo, basi, imekwisha. Unarudi nyumbani. Lakini hujapita hata shamba la pili la mihogo, mbwa anasimama na kujikuna uso. Anatapika. Anahara. Miguu yake inalegea, anaanguka kando ya njia. Ukiinua mdomo wake unaona ufizi umekuwa mweupe kama karatasi.

Ukimwacha, huenda akafa pale pale. Na kesho yake kijiji chote kitakuwa na neno moja tu: "Sindano ile ni sumu." Mwaka unaofuata, mchanjaji akirudi, atakuta watoto wamekuja mikono mitupu, na mbwa wote wamefungwa nyuma ya nyumba.

Ni kwa sababu ya mbwa hao waliofungwa nyuma ya nyumba tunaandika habari hii.

Je, sindano ni sumu?

Hapana. Sumu humdhuru kila anayeipata. Kama dawa ile ingekuwa sumu, mbwa wote waliochomwa asubuhi ile wangeanguka, maana wote walichomwa dawa moja. Ameanguka mmoja. Basi fikiri: kuna jambo ndani ya mbwa yule mwenyewe.

Mwili wa mtu, na wa nyama pia, una askari wake. Kazi yao ni kumtambua adui na kumpiga. Tunapochanja, tunawaonyesha askari hao sura ya adui aliyekwisha kuuawa au kudhoofishwa, ili siku adui mzima akija wamjue mara moja. Hiyo ndiyo kazi yote ya chanjo. Lakini ndani ya chupa kuna vitu vingine kidogo pamoja na mdudu yule aliyeuawa. Kwa mfano, mdudu wa chanjo hukuzwa kwa kulishwa, na chakula chake mara nyingi hutiwa maji ya damu ya ndama. Mabaki yake hubaki kidogo sana katika dawa.

Kwa mbwa wengi mabaki hayo si neno. Lakini kwa mmoja mmoja, askari huyaona na kuyahesabu kuwa adui mkubwa. Mara ya kwanza huoni kitu. Askari wanajifunza tu, na kungoja. Mara ya pili mabaki yale yanapoingia, wote wanatupa silaha zao kwa saa moja, pasipo kipimo. Silaha hizo ni maji makali yanayotoka ndani ya chembe za mwili, na jina la moja lao ni histamini. Mishipa ya damu inapanuka na kuvuja, damu inakosa nguvu ya kufika kichwani na moyoni, ngozi inavimba. Mwili unajipiga wenyewe. Waganga wanaliita jambo hili anafilaksia.

Kwa mtu, ubaya huonekana zaidi katika ngozi, koo na mapafu: anawashwa, midomo inavimba, anakosa pumzi. Kwa mbwa, ini na matumbo ndiyo yanayoumia kwanza, na kwa hiyo anatapika na kuhara, mara nyingine na damu, kabla hajaanguka. Wengi wakiona matapishi wanasema mbwa amekula kitu kibaya njiani. Saa ya kumsaidia inapita hivyo.

Mbwa ndiye aliyewafundisha waganga

Jambo hili lilijulikana kwa njia ya mbwa. Mwaka 1901, waganga wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri baharini katika meli ya Albert wa Kwanza, mkuu wa Monaco. Walichunguza sumu ya wanyama wa baharini wenye mikono inayochoma. Waliporudi Ufaransa wakaendelea na kazi ile juu ya mbwa. Walidhani kwamba mbwa akipewa sumu kidogo na kupona, mara ya pili ataistahimili vizuri zaidi. Mbwa mmoja mwenye nguvu, jina lake Neptune, alipata kipimo kidogo na hakudhurika sana. Wiki tatu zilipopita, akiwa mzima kabisa, wakampa kipimo kidogo tena. Papo hapo akaanza kuhema, akatapika damu, akafa katika dakika 25.

Walishangaa sana. Walitafuta kinga, wakapata kinyume cha kinga, na mwaka 1902 wakalipa jambo hilo jina lile la anafilaksia. Mwaka 1913 Richet alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu hapo waganga wanajua ya kuwa kipimo kidogo kisichomdhuru mmoja kinaweza kumwangusha mwingine, na kwamba mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Tena angalia: huenda hata sindano ya kwanza ikamwangusha, kama mwili wake ulikwisha kukutana na kitu kile kwa njia nyingine.

Nyama wote hawafanani katika hili. Ulaya na Marekani watu wengine hufuga nyumbani kinyama kidogo kirefu kinachoitwa fereti, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere. Zamani kilifugwa ili kiingie mashimoni na kuwatoa sungura. (Sisi tunaomjua kicheche kwa kuku wetu tutashangaa mtu kumlaza ndugu yake ndani ya nyumba.) Fereti huchanjwa juu ya kichaa cha mbwa na juu ya ugonjwa mwingine wa mbwa unaowaua fereti karibu wote wanaoupata. Lakini fereti ni mmoja wa wale wanaoangushwa na sindano mara nyingi kuliko mbwa: manyoya ya mkia yanasimama, ngozi inakuwa nyekundu, anatapika, anahara damu, anazimia. Wafugaji hao hawakuacha chanjo. Waganga wao wa nyama huwaambia wabaki pale pale kwa nusu saa au zaidi baada ya sindano, kwa kuwa ubaya huu karibu kila mara huanza upesi. Tena wengi hutenga sindano hizo mbili, kila moja na siku yake.

Na mbwa? Huko Marekani walihesabu mbwa zaidi ya milioni moja waliochanjwa, na hesabu hiyo ikatangazwa mwaka 2005. Katika kila mbwa 10,000, kama 38 walionekana na taabu fulani katika siku tatu za kwanza. Taabu za wengi wao zilikuwa ndogo, kama kuvimba uso au kutapika kidogo. Walioanguka kabisa walikuwa wachache sana. Mbwa wadogo wa mwili walipata taabu kuliko wakubwa, na waliochomwa sindano nyingi siku moja kuliko waliochomwa moja.

Kwa watu ni nadra zaidi bado. Hesabu nyingine ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 2016, iliangalia sindano za chanjo zaidi ya milioni 25. Waliopata anafilaksia walikuwa watu 33.

Kaa nusu saa

Wengi wenu mnakumbuka miaka ya Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hata mwezi wa sita 2020, katika Kivu Kaskazini na hapa Ituri. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Baada ya sindano mtu hakuruhusiwa kwenda zake. Alikaa nusu saa akiangaliwa, na wengine walinung'unika kwa sababu ya kazi za shamba. Sababu ya kukaa ilikuwa hii tunayoieleza. Dawa ile ilipojaribiwa Guinea mwaka 2015, katika watu 5,837 waliochomwa, mmoja alipata anafilaksia. Alitibiwa, akapona.

Lakini mbwa wetu tunamvuta kwa kamba kwenda nyumbani saa ile ile. Hili ndilo kosa. Dawa ya kumwokoa imo ndani ya kasha la mchanjaji, na mbwa yuko mbali njiani.

Dawa hiyo ni adrenalini. Huchomwa katika nyama ya paja, nayo hukaza mishipa iliyolegea, hutia moyo nguvu na kufungua njia ya pumzi. Ikitolewa mapema, mara nyingi aliyeanguka anasimama tena. Ikicheleweshwa, haifanyi kazi vizuri. Kwa hiyo kabla mbwa wako hajachomwa, muulize mchanjaji kwa heshima: "Bwana, umechukua adrenalini?" Si aibu kuuliza. Mchanjaji mwema atafurahi kuulizwa.

Kisha kaa naye kivulini nusu saa, na ikiwa unaweza kukaa saa nzima ni vema zaidi. Angalia uso wake kama unavimba, angalia kama anajikuna, anatapika, anahara au anatembea kama mlevi. Inua mdomo utazame ufizi. Ukiona mambo haya usingoje kuona kama yatapita. Mbebe upesi umrudishe kwa mchanjaji. Ikiwa ameanguka mlaze kwa ubavu, shingo imenyooka apate kupumua. Usimtie kitu kinywani. Tunajua wengi huwapa maziwa, mafuta ya mawese au makaa yaliyosagwa. Mbwa aliyezimia hawezi kumeza. Yale mafuta yataingia mapafuni, na utakuwa umemwua wewe kwa upendo wako.

Na ukienda na mtoto wako kwa chanjo ya surua au nyingine yo yote, fanya vivyo hivyo. Lakini usichanganye anafilaksia na kuzimia kwa hofu. Kijana anayeogopa sindano anaweza kuanguka papo hapo, uso umepauka na jasho baridi. Ukimlaza chini na kuinua miguu yake, baada ya kitambo kidogo anaamka na kuona haya. Huyo hana vipele, hakuvimba midomo, wala pumzi yake haipigi filimbi. Ukiona dalili hizo, au mtoto akianza kutapika na kulegea, mwite mwuguzi saa ile ile.

Kwa nini tusiache chanjo ya mbwa?

Pima mambo mawili. Upande mmoja kuna mbwa mmoja katika wengi sana ambaye huenda akaanguka, na dawa yake ipo. Upande wa pili kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukianza kuonekana kwa mtu, akaogopa maji na kupiga kelele, hapana dawa. Karibu wote hufa. Inakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mbwa anayedhaniwa kuwa na kichaa, kama wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio hao waliomleta mbwa kwa kamba ya mgomba.

Waganga husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Katika kisiwa cha Pemba, Tanzania, waliumaliza kwa kuchanja mbwa. Ukaingia tena kutoka nje, wakachanja tena, wakaumaliza tena. Na hapa kuna jambo kwa mwenye mbwa aliyeanguka. Huenda mganga wa nyama akasema mbwa huyu asichanjwe tena. Basi kinga yake itakuwa mbwa wa jirani. Wakichanjwa wale wote, hapana wa kumwambukiza yeye. Wakifichwa nyuma ya nyumba, yeye ndiye wa kwanza kupotea, na mtoto wako pamoja naye.

Neno moja zaidi kwa watu. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, oshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Hata kama zamani mwili wake ulikataa sindano fulani, aende, na aseme habari hiyo mlangoni. Kwa ugonjwa huu waganga hawamnyimi mtu chanjo kwa sababu hiyo. Watamchanja wakiwa na adrenalini tayari mezani.

Kwa mbwa aliyepona, omba karatasi. Iandikwe siku ya sindano, jina la dawa na namba iliyo juu ya chupa, ilipita muda gani kabla hajaanza kutapika, na alipewa nini akapona. Mwaka ujao mchanjaji atakuwa mtu mwingine, naye hatakumbuka. Akiisoma, anaweza kuchagua dawa ya namna nyingine, au kumwacha. Iweke mahali pasipofika panya, pamoja na karatasi za chanjo za watoto.